Nembo zilizovuja rangi: uchambuzi wa kisa cha stika za maji kwenye mitumbwi ya mapambo, Mwanza

Majina ya wahusika, taasisi iliyoagiza kazi na mtaa wa karakana yameondolewa. Maelezo ya nembo nimeyabadilisha kiasi cha kutotambulika, ila rangi zake nimeziacha zilivyo kwa sababu ndizo zilizozua kesi nzima. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya mafundi wanaochapa stika zao wenyewe kwa printa ya wino na kuzibandika kwenye mbao, helmeti, gitaa au kitu chochote kilichopakwa rangi.

Usuli

Karakana ipo Ilemela, mahali ambapo harufu ya dagaa wanaoanikwa inafika upepo ukivuma kutoka ziwani. Fundi mkuu ni seremala mzoefu. Anaye mpwa wake, kijana anayejifunza kazi, na ndiye mwenye kompyuta na printa. Pamoja na stuli na fremu za picha, wanatengeneza mitumbwi midogo ya mapambo, urefu wa kama sentimita 40, kwa mfano wa mitumbwi ya dagaa: mbao zilizopangwa ubavuni, ncha iliyoinuka mbele, na jina la chombo karibu na ncha. Aliyewahi kushuka soko la samaki la Mwaloni Kirumba anaijua sura hiyo. Majina huandikwa kwa brashi na mchora vibao wa mtaani, kwa rangi ya mafuta, na kwa miaka mingi utaratibu huo haukuwa na shida yoyote.

Kisha ikaja oda ya mitumbwi 30 kutoka taasisi moja iliyokuwa na mkutano na wageni wake. Walitaka kila mtumbwi uwe na nembo yao pande zote mbili za ncha. Nembo ni duara la sentimita 4: ukingo wa buluu ya kuiva, pete nyekundu ndani yake, ndege mweupe katikati, na maandishi meusi madogo yanayozunguka. Mtumbwi wenyewe upakwe buluu ya giza. Mchora vibao aliitazama nembo kwenye simu, akairudisha. "Jina la boti nitakuandikia hata usiku," alisema. "Hizi herufi za mchwa, hapana."

Stika za plastiki kutoka maduka ya uchapaji mjini zilifikiriwa na kuachwa. Plastiki ile ni nene, haifuati mikunjo ya mbao zilizopandana, na pembe zake huanza kuinuka baada ya muda. Kwenye gari hilo halionekani. Kwenye kitu kinachowekwa mezani na kutazamwa kwa karibu, kila pembe inaonekana.

Kijana ndiye aliyependekeza stika za maji, zile ambazo watengenezaji wa ndege na magari ya kuigiza wamezitumia miaka mingi. Karatasi yake ina sehemu tatu: chini karatasi nene, katikati tabaka la gundi ya wanga inayolegea kwenye maji, juu ganda jembamba sana linalopokea wino. Unachapa juu ya ganda, unalifunika kwa klia (vanishi isiyo na rangi), unakata, unaloweka, gundi inalegea, ganda linateleza kutoka kwenye karatasi na kukaa pale unapolitaka. Likikauka vizuri na kufunikwa tena, kidole hakisikii ukingo.

Karatasi hiyo haikupatikana Mwanza. Iliagizwa Dar es Salaam, ikaja kama kifurushi cha basi, na bei yake kwa karatasi moja ilimfanya fundi aiweke kabatini pamoja na risiti. Jambo hili lishikwe akilini, maana uamuzi mbaya kuliko yote katika kisa hiki ulitokana na kuionea karatasi huruma.

Yaliyotokea

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Kijana alipanga nembo kwenye ukurasa zikiwa zimebanana, duara likigusa duara, ili karatasi moja itoe nyingi iwezekanavyo. Alichagua karatasi yenye ganda angavu, lisilo na rangi, akiamini kwamba ukingo usioonekana ndio uzuri wa kazi. Kwenye mpangilio wa printa akaweka picha, ubora wa juu kabisa. Printa ni ya matangi, ile ya kawaida ya ofisini yenye chupa nne.

Zilitoka zinang'aa. Jioni hiyohiyo, mvua ikiwa imetoka kukatika, fundi alizipulizia klia ya kopo mkono mmoja mzito, yaani tabaka moja nene, hadi uso ukalowa, akaziacha zilale mezani. Asubuhi zilikuwa na ukungu mweupe juu, kama kioo kilichopumuliwa. Wakazikata kwa kufuata ukingo wa buluu, wakaingiza ya kwanza kwenye beseni.

Uzi mwembamba wa buluu ulitoka pembeni mwa duara, ukashuka polepole hadi chini ya beseni. Mwekundu ukafuata, lakini si pande zote. Ulitoka pale tu mkasi ulipokuwa umepita ndani kidogo. Maandishi meusi hayakutikisika. Kijana alipoibandika stika hiyo kwenye mtumbwi wa buluu, ndege mweupe akatoweka na pete nyekundu ikawa kama damu iliyokauka.

"Klia feki hiyo, mjomba," fundi alisema. "Madukani siku hizi wanajaza nini sijui."

Klia haikuwa feki. Lakini kauli hiyo iliongoza hatua iliyofuata. Fundi aliacha kopo, akachukua laka ya samani aliyoiamini, akaichanganya na thina na kuipuliza kwa bunduki ya kompresa. Safari hii aliongeza mikono, mmoja juu ya mwingine, ili maji yasipate njia. Herufi ndogo zilianza kutawanyika hata kabla hazijaona maji: kila herufi ikapata kivuli cha rangi ya pete iliyo nyuma yake. Stika zenyewe zikawa ngumu. Zilipoingia kwenye maji zilijikunja kama gamba, na kijana alipojaribu kuilaza moja juu ya mahali mbao mbili zinapopandana, ikapasuka kwa sauti ndogo kabisa, katikati ya ndege.

Tone la laka hiyohiyo lililodondokea ubavu wa mtumbwi mmoja liliifanya rangi ya mafuta ivimbe na kukunjamana. Angalau hilo liligundulika kwenye tone na si kwenye mitumbwi 30 iliyomalizika.

Siku hizo ndipo mwakilishi wa mteja alipopita kuangalia maendeleo. Alipewa sampuli iliyoonekana nzuri kuliko nyingine. Aliipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kikabaki na doa la buluu.

"Fundi, nembo yetu inachuja?"

"Hiyo bado, dada. Hatujaifunga."

"Na mkishaifunga?"

Fundi alimjibu kwamba wiki ijayo ataleta moja iliyokamilika na yeye mwenyewe ataiosha kwa maji mbele yake. Ahadi ile, kwa maoni yangu, ndiyo iliyookoa kazi. Iliwalazimisha watu wawili waliokuwa wakibahatisha waanze kupima.

Fununu iliyokuwa kwenye beseni

Kabla ya kununua chochote kingine, kijana alikwenda kwa jirani anayepiga na kuchapa picha za pasipoti, akamweleza kwamba nyeusi imebaki na rangi nyingine zimeondoka. Jirani hakuuliza habari za klia hata kidogo. Aliuliza chupa za wino.

Printa nyingi za matangi za aina hiyo hutumia wino wa namna mbili. Nyeusi ni ya pigmenti, yaani chembechembe za rangi zinazoelea kwenye maji na kubaki juu ya karatasi maji yakishakauka. Buluu, nyekundu na njano ni rangi zilizoyeyuka kabisa ndani ya maji, na hata zikikauka ziko tayari kuyeyuka tena zikikutana na maji. Kwa hiyo beseni lilikuwa limekwisha kutoa jibu siku ya kwanza. Kama klia nzima ingekuwa mbovu, rangi zingetoka katikati ya nembo pia. Zilitoka pembeni tu, mahali palipopita mkasi. Juu palikuwa pamefungwa. Ubavuni, ambako wino ulikatwa ukabaki wazi kama kidonda, hapakuwa na klia hata chembe.

Wino uliyeyushwa pia na kitu kingine. Thina nyingi za laka zina alkoholi na viyeyusho vingine, na rangi za namna ile zinaweza kuyeyuka humo pia. Mkono wa kwanza ukiwa mzito, wino unaogelea ndani ya klia kabla klia haijakauka. Hiki ndicho kilichotia herufi vivuli. Kuongeza mikono ya laka kulikuwa ni kuongeza maradhi.

Jirani aliongeza jambo moja la kikazi: yeye hafungi picha kwenye plastiki siku aliyoichapa. Huiacha ilale, maana wino unaoonekana mkavu kwa kidole bado una unyevu ndani, na ubora wa juu kabisa kwenye printa unaweza kumwaga wino mwingi kuliko karatasi inavyoweza kunywa.

Maamuzi na sababu zake

Walianza kwa kutumia vipande vya pembeni vya karatasi zilizoharibika. Kwenye kila kipande kijana alichapa vimraba vya buluu, nyekundu, njano na nyeusi, pamoja na neno moja la herufi ndogo. Kila kipande kilipata matibabu tofauti: kilicholala usiku kucha na kisicholala, kilichopulizwa kwa umbali na kilicholoweshwa, kilichokatwa juu ya rangi na kilichoachiwa nafasi. Kipimo kilikuwa kimoja na cha bei rahisi: pamba yenye maji, inasuguliwa taratibu juu na pembeni. Pamba ikibaki nyeupe, kipande kinaingia kwenye beseni. Ikipata rangi, hakiingii.

Nafasi ya pembeni ndiyo iliyoleta ubishi. Kijana alitaka kila nembo iachiwe milimita 2 au 3 za ganda tupu kuzunguka, ili mkasi ukate mahali pasipo na wino. Fundi alihesabu karatasi zitakazohitajika na kukataa. Walikubaliana baada ya kuona vipande viwili kwenye beseni moja, kimoja kinavuja na kingine kimetulia, vyote vimetoka kwenye karatasi moja na klia moja. Namna nyingine ingekuwa kukata kwanza na kupulizia klia baadaye, ili ukingo nao ufunikwe. Waliijaribu. Vipande vidogo vilipeperushwa na spreyi na vingine vikanata mezani. Kwa stika moja mbili inafaa. Kwa zaidi ya 60 ni adhabu.

Kuhusu klia, walirudi kwenye kopo lilelile lililotuhumiwa. Ni klia ya akriliki. Ilipulizwa kwa umbali wa kama sentimita 30, mikono miwili ya vumbi tu, kiasi kwamba ukitazama dhidi ya mwanga unaona nukta nukta na si uso uliolowa. Mikono hiyo ya kwanza kazi yake ni kukauka haraka juu ya wino bila kuuamsha. Baada ya hapo ndipo ulipofuata mkono wa wastani, kisha mmoja wa kufunga. Zaidi ya hapo utando unakuwa mnene, na utando mnene haupindi kufuata mbao. Hapa watu wengi hupotea: usalama wa stika hauzidi kadiri klia inavyozidi. Kuna mahali pa kusimama, na mahali hapo unapajua kwa kukunja kipande cha jaribio kwenye kalamu na kuona kama kinapasuka.

Muda wa kupuliza nao ulibadilika. Ukungu mweupe wa mara ya kwanza haukutoka kiwandani, ulitoka hewani. Viyeyusho vikiruka haraka vinapoza uso wa klia, na hewa ikiwa imejaa mvuke, mvuke huo unatua kwenye klia mbichi na kunaswa humo. Kando ya ziwa, wakati wa masika, saa mbaya kuliko zote ni jioni na asubuhi baada ya mvua. Walihamishia kazi hiyo kati ya saa tano na saa tisa mchana, siku zenye jua, karatasi zikiwa zimelala kwanza ndani ya chumba kikavu na si kwenye sakafu ya saruji.

Tatizo la ndege mweupe halikuwa na dawa kwenye klia wala kwenye maji. Printa ya kawaida ya wino haina wino mweupe. Panapotakiwa weupe haichapi kitu, inaiachia karatasi kazi hiyo. Na rangi zake nyingine ni nyepesi, zinapitisha kilicho chini. Kwenye ganda angavu juu ya buluu ya giza, kila kitu lazima kizame. Njia ya kwanza ilikuwa kununua karatasi yenye ganda jeupe. Ingeonyesha ndege, lakini ile nafasi ya milimita 2 ingebaki kama pete nyeupe kuzunguka kila nembo, na kuikata kungerudisha uvujaji. Njia ya pili aliitoa mchora vibao, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa: mitumbwi mingi ya kweli ina mkanda wa rangi nyingine mbele, basi na hii ipakwe mkanda mweupe kwenye ncha, nembo ikae juu ya mkanda. Ganda angavu juu ya rangi nyeupe halionekani ukingo wala halifichi ndege. Mteja alipelekewa picha kwa simu, akakubali ndani ya saa moja. Wazo bora la kazi nzima lilitoka kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuikataa.

Hatua nyingine waliipita haraka, ila nisiiache: mkanda mweupe ulipakwa kwa rangi ya kung'aa na kulainishwa kwa msasa wa maji, kisha ukapewa mkono wa klia ileile ya akriliki baada ya kuijaribu kwenye ubao uliopakwa rangi ileile. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vishimo vidogo. Stika ikikaa juu yake inafungia hewa chini, na hewa hiyo huonekana kama fedha ukitazama kwa upande.

Kubandika

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kwenye sahani bapa badala ya beseni. Stika inapoingia hujikunja kwanza, kisha hunyooka yenyewe. Anayeilazimisha inyooke huipasua. Ilikaa majini kama nusu dakika, ikatolewa ikiwa bado imeshikana na karatasi yake, ikalazwa juu ya tishu dakika moja hadi gundi ilegee. Kijana mwanzoni alikuwa akiziacha majini mpaka ganda liachane lenyewe na kuelea. Ganda la namna hiyo linakuwa limeoshwa gundi yake yote, na baada ya siku mbili pembe zake huinuka.

Mkanda uliloweshwa kwa tone la maji. Karatasi ikawekwa pembeni ya mahali panapotakiwa, ganda likasukumwa kwa brashi laini iliyolowa hadi likateleza mahali pake. Hapo una kama dakika moja ya kulisogeza. Likishakaa sawa, tishu inagandamizwa kuanzia katikati kwenda nje. Kusugua ni marufuku.

Penye mwungano wa mbao mbili stika ilikataa kushuka kwenye ufa. Siki iliyopunguzwa kwa maji, ambayo baadhi ya watu huisifu, ilisaidia kidogo tu. Utando wa klia ya akriliki haulegei kirahisi kama ganda la stika za kiwandani. Kilichosaidia ni draya ya nywele kwa joto la chini na kidole kilichofungwa kitambaa chenye unyevu, taratibu. Zilizogoma kabisa zilitobolewa kwa sindano juu ya ufa na kugandamizwa tena.

Baada ya siku nzima ya kukauka, gundi iliyobaki pembeni ilipanguswa kwa pamba yenye maji. Isipopanguswa huacha doa la manjano chini ya klia ya mwisho. Kisha klia ya kufunga, tena kwa mikono ya vumbi kwanza.

Matokeo

Fundi alitimiza ahadi. Aliuweka mtumbwi mmoja chini ya bomba mbele ya mwakilishi wa mteja, akaupangusa kwa kitambaa cheupe na kumkabidhi kitambaa hicho. Oda ilitolewa yote, siku chache baada ya tarehe iliyopangwa, lakini kabla ya mkutano. Faida ilikuwa ndogo: karatasi za ziada, klia, laka iliyopotea na mtumbwi uliobidi ukwanguliwe na kupakwa upya viliila.

Miezi kadhaa baadaye mitumbwi miwili ilirudishwa. Haikuvuja. Ilikuwa imewekwa dirishani kwenye ofisi inayotazama magharibi, na pete nyekundu ilikuwa imepauka huku maandishi meusi yakiwa yaleyale. Wino ulioyeyuka hauna ubavu mbele ya jua, na klia ya kawaida haiukingi. Fundi alibandika nembo mpya juu ya mkanda mpya bila kudai malipo.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi halikuwa kupuliza klia nzito. Lilikuwa kutaja mhalifu kabla ya kutazama ushahidi. Beseni lilionyesha mambo mawili kwa wakati mmoja, rangi zipi zimetoka na zimetokea wapi, na mambo hayo mawili yangetosha kuelekeza kwenye aina ya wino na kwenye mkasi. "Klia feki" ni maelezo matamu kwa sababu mara nyingi ni ya kweli madukani kwetu, na kwa sababu hayamgusi aliyeshika kopo. Yaliwapeleka kwenye laka, na laka ikaongeza matatizo mawili ambayo hayakuwapo: herufi zilizotawanyika na utando unaopasuka.

Kubana nembo kwenye karatasi kulionekana ni uangalifu. Kwa hesabu ya karatasi peke yake ni kweli kulipunguza gharama. Lakini karatasi zilizovuja zilikuwa nyingi kuliko ambazo nafasi ya milimita 2 ingezila, na mtu yeyote anayefanya kazi hii akiwa mbali na duka la karatasi atakutana na kishawishi hichohicho. Ushauri wangu ni mkavu: nafasi hiyo ihesabiwe kama sehemu ya nembo tangu kwenye kompyuta, mteja akipewa bei nayo iwe ndani.

Vipande vya majaribio vilifanya kazi vizuri kwa sababu vilitofautiana kwa jambo moja kila kimoja. Kama wangebadilisha muda, klia na ukataji kwa pamoja, wangepata stika nzuri bila kujua kwa nini ni nzuri, na mvua ya siku iliyofuata ingewarudisha mwanzo. Pamba nayo ilistahili sifa kuliko inavyopewa. Inagundua uvujaji wakati stika bado ipo kwenye karatasi, kabla mtumbwi haujachafuka.

Mkanda mweupe ni suluhisho la usanifu kwa tatizo lililokuwa likitafutiwa dawa ya kemikali. Naliona kama jambo bora zaidi katika kisa hiki, na naona pia lilichelewa: swali la "nyeupe itatoka wapi?" lilipaswa kuulizwa siku nembo ilipoonekana kwenye simu, wakati hata karatasi haijaagizwa.

Kuna suala la afya ambalo karakana haikulizingatia vya kutosha. Klia ilipulizwa ndani, mlango ukiwa umerudishwa kuzuia unyevu, na barakoa za kitambaa. Barakoa ya kitambaa hupunguza tu vumbi la msasa, haizuii mvuke wa viyeyusho. Mlango na dirisha vifunguliwe, hata kama hilo litawalazimu kusubiri siku kavu zaidi. Na kwa klia za magari zinazochanganywa na dawa ya kukaushia, ambazo fundi mmoja wa magari aliwapendekezea kwa ugumu wake, nasema wasiziguse bila barakoa maalumu na mahali maalumu pa kupulizia. Mvuke wake unaweza kumpa mtu pumu ya kudumu.

Wazo la kuhamia kwenye printa ya leza lilizungumzwa. Unga wa leza hauyeyuki kwenye maji, hivyo tatizo la kuvuja lingekwisha, na jua lisingeupausha upesi hivyo. Lakini leza hupitisha karatasi kwenye roli za moto, na karatasi ya stika iliyotengenezwa kwa ajili ya wino inaweza kuyeyuka na kujizungushia humo ndani. Lazima inunuliwe ile ya leza, na mwenye duka la kuchapa aambiwe ni karatasi gani kabla hajaiweka kwenye mashine yake.

Taasisi ileile imekwisha kuulizia oda nyingine. Fundi amekubali kwa masharti mawili, mkanda mweupe ubaki na mitumbwi isikae kwenye jua la moja kwa moja, na ameyaandika kwenye risiti. Kijana anatafuta printa ya mtumba inayotumia pigmenti kwa rangi zote nne. Kuna aliyemshauri amimine tu wino wa pigmenti kwenye printa aliyonayo. Amekataa, kwa kuwa printa ambayo haikuundwa kwa wino huo inaweza kuziba vichwa vyake mapema, na hiyo aliyonayo ndiyo inayochapa pia risiti na mikataba ya karakana.